Karatasi Niliyokatia Mkono wa Gauni

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: binti yako ana mzee kule chuo kikuu, na kila siku wanakaa meza moja.

Aliyeniletea ni mteja wangu, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa amesimama mbele yangu amenyanyua mikono, mimi namzungushia tepu kiunoni.

"Shoga, mimi si mtu wa maneno," akasema.

"Nyoosha mgongo," nikamwambia.

"Nimenyoosha. Shemeji yangu anafanya usafi kwenye maktaba ya chuo. Amemwona kwa macho yake. Binti yako na mzee wa miwani, bega kwa bega, mzee anamfunulia vitabu. Kwani mwanao ni mwanafunzi wa kule?"

"Si mwanafunzi."

"Basi anafuata nini?"

Nikaandika kiuno chake vibaya, na gauni lile baadaye lilimkataa.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza shule ya msingi nikaishia hapo, na haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, kwa ajili ya mama yeyote mwenye mtoto anayesoma vitu ambavyo mama havijui. Sitaki kuhurumiwa. Nataka unisikilize, halafu usifanye nilivyofanya.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka tuliohamia katika nyumba hii alisimamisha uani mnara wa tangi la maji: miguu minne ya chuma kizito, kimo cha watu watatu waliobebana mabegani, na vyuma vya kulala vilivyoishika miguu hiyo chini, katikati na juu. Kichwani mwa mnara lilikaa tangi dogo la lita elfu moja. Chini yake palikuwa na kivuli kizuri, na kwenye kivuli hicho niliweka cherehani yangu. Nimeshona pale miaka tisa. Upepo ukivuma, mnara ulikuwa ukilia kama mlango uliokauka bawaba. Sisi wawili tulizoea. Mtoto ndiye hakuzoea.

Tuna mtoto mmoja tu. Baba yake alimpa jina la utani la Kwanini, maana tangu aanze kusema neno hilo halikumtoka mdomoni. Alimaliza sekondari bila mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili. Aliyekuwepo alihama, na mwingine hakuja. Matokeo yake ya somo hilo yalikuwa ya kulia, na chuo hakikumchukua. Akabaki nyumbani ananisaidia kutia vifungo na kukunja pindo. Kila upepo ulipopita alisimamisha sindano na kutazama juu.

"Baba, kwa nini unalia?"

"Chuma kinajinyoosha, kama mimi nikiamka."

"Chuma hakilali, baba."

"Hiki kinalala. Hujakisikia kinavyokoroma?"

Tukacheka, tukaendelea na kazi.

Kisha maji ya bomba yakawa yanatoka siku mbili tu kwa wiki. Wapangaji wote wa nyumba hii tukakubaliana kuleta tangi kubwa, la lita elfu tano. Mmoja wao akauliza kama mnara utaweza. Mume wangu akaupiga mguu wa mnara kwa kiganja. "Chuma hiki kinabeba lori," akasema. Wote tukaamini, mimi wa kwanza. Tangi likaagizwa, tukaambiwa litafika baada ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo Kwanini alipoanza kupotea. Akimaliza pindo zake za asubuhi anaoga, anavaa viatu vyake vizuri, anasema, "Mama, naenda kusoma." Nilidhani anasomea kwa rafiki yake. Jioni anarudi na wino vidoleni, macho yamechoka lakini yanawaka. Na akaanza kuleta maneno mapya mezani.

"Baba, lita moja ya maji ina kilo moja. Lita elfu tano ni tani tano. Ni kama magari manne madogo yamepangwa juu ya kichwa cha mama."

"Miguu itabeba."

"Itabeba kama mzigo unasukuma chini. Lakini upepo hausukumi chini, unasukuma ubavuni. Na maji hayatulii, yanayumba ndani ya tangi. Mnara wetu una vyuma vya kusimama na vya kulala. Hauna vya mshazari, vinavyotoka kona hadi kona. Ndiyo maana unalia. Kila ukivuma upepo, zile pembe zinafunguka kidogo na kujifunga."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Hakukasirika. Ni mtu mwema, na mlijue hilo kabla hamjamhukumu.

"Mwanangu, mimi sichomelei maneno," akasema. "Niletee mchoro. Kila chuma kiwe na urefu wake, kila pembe niweze kuipima mwenyewe. Ukiniletea, nachomelea kabla tangi halijapanda."

"Kweli, baba?"

"Mbele ya mama yako."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Wiki mbili baadaye ndipo Redio alipokuja kupimwa kiuno. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilikuwa nikikanyaga cherehani nasikia inasema ana mzee, ana mzee, ana mzee. Ningeweza kumwita mtoto, nimkalishe kitako, nimuulize: mwanangu, unasoma wapi na nani? Maneno matano tu. Sikuuliza. Niliogopa jibu, na mtu anayeogopa jibu hujitengenezea lake.

Siku ya nne nilimfuata.

Maktaba ile ni kubwa kuliko nilivyodhani nyumba ya karatasi inaweza kuwa. Mlangoni kuna daftari la kuandika jina. Ndani kuna meza ndefu, na kimya ambacho kilifanya ndala zangu zisikike kama makofi. Upande mmoja wanafunzi walikuwa wamevaa vitu vya masikioni, wanatazama kompyuta ambamo mwalimu alikuwa anaandika ubaoni bila sauti. Mbele, karibu kabisa na kaunta, palikuwa na meza ndogo yenye viti viwili. Kiti kimoja amekaa mwanangu. Kingine amekaa mzee mwenye miwani ya kamba, kidole chake kiko juu ya mstari wa kitabu.

Bega kwa bega, kama nilivyoambiwa.

"Kumbe ndiyo huyu!" nikasema, na ukumbi mzima ukageuka.

"Mama, tafadhali, shusha sauti."

"Niishushe kwa ajili ya nani? Mzee mzima huoni haya? Huyu si wa kuwa mjukuu wako?"

Yule mzee akasimama, akavua miwani. "Karibu ukae, mama. Mimi ndiye mkutubi, ninatunza vitabu hapa. Binti ana kadi ya msomaji wa nje, na utaratibu wetu ni kwamba..."

"Sikuja kukaa, wala sikuja kusikia utaratibu."

Kijana mmoja kwenye meza ya nyuma akanong'ona, "Jamani, mama amekuja na mkasi!" Nikajitazama. Kweli, mkasi wangu mkubwa ulikuwa unaning'inia shingoni kwa utepe, kama ninavyouvaa kila siku kazini. Wakacheka. Kicheko kile kilinitia wazimu zaidi. Nikaichukua ile kadi juu ya meza, nikamshika mwanangu mkono, nikatoka naye.

Hakulia. Alikuwa amewahi kukusanya karatasi zake, na moja ilikuwa kubwa, nene, ya rangi ya kaki, ameisokota kama jora. Njiani akasema kitu kimoja tu.

"Mama, zimebaki siku tano."

"Siku tano za nini?"

"Tangi lije."

"Usinibadilishie mazungumzo."

Kadi niliitia kwenye kopo la vifungo, kopo nikaliweka juu ya kabati.

Kesho yake nilimtuma apeleke nguo za watu upande wa pili wa mji. Mimi nilikuwa na kazi ya kwaya, sare ishirini, na sikuwa na patani. Mnaoshona mnajua: patani ni ile karatasi unayoichora kola au mkono, unaikata, unaibana kwa pini juu ya kitambaa ili nguo zote zitoke sawa. Sisi mafundi hatununui karatasi ya patani. Mfuko wa saruji, kalenda ya mwaka jana, karatasi ya kufungia friji, chochote kikubwa kinachopita mbele yetu ni patani. Nikaona ile ya kaki imesimama nyuma ya mlango. Nzuri, ngumu, haina mikunjo. Nikajiambia hii ni zawadi ya yule mzee.

Kama ningeikata kwa hasira ningekuwa na kisingizio. Niliikata kwa mazoea. Niliilaza mezani, upande wenye mistari ukiwa chini, nikachora mkono wa gauni, nikachora kola, nikachora mfuko, nikapitisha mkasi. Vipande vilivyobaki niliwashia jiko.

Kwanini aliporudi aliikuta juu ya kitambaa, imebanwa kwa pini. Akaichomoa taratibu, akageuza.

"Mama, umekata wapi?"

"Hapo unapoona. Karatasi si karatasi?"

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ule mkono wa gauni. "Chuma hiki ndicho kingeushika mnara. Umekipita katikati."

"Si uchore kingine."

"Vipimo viko kwenye kitabu, na kitabu hakitoki maktaba. Nilikuwa nimebakiza upande mmoja tu." Akanitazama. "Kadi iko wapi, mama?"

Nikakanyaga cherehani.

Jioni alimpelekea baba yake mchoro aliouchora kwa kukumbuka, kwenye daftari la shule. Mume wangu alivaa miwani, akauinamia kwa heshima. Nataka mjue kwamba alitaka kusaidia.

"Hiki kina urefu gani?"

"Sina uhakika, baba."

"Na pembe hii?"

"Sina uhakika."

"Nikikata chuma kwa kukisia nimeharibu chuma, mwanangu. Ulisema utaleta vipimo." Akanigeukia. "Mama Kwanini, kuna nini humu ndani? Mbona mtoto amenywea?"

Hapo ningeweza kuokoa kila kitu. Kopo la vifungo lilikuwa juu ya kichwa changu. Nikasema, "Anakuficha. Huko anakokwenda hasomi."

Mume wangu alilifunga lile daftari, akamrudishia. Kwanini hakujitetea. Nadhani alikuwa anahesabu siku.

Tangi lilikuja Jumamosi, jeusi, jipya. Wanaume sita walilipandisha kwa kamba, wakapiga makofi lilipokaa. Maji yalitoka Jumatatu, likajaa hadi shingoni. Jumatano mchana upepo ukaanza.

Nilikuwa mahali pangu, natia kola ya sare ya kumi na saba. Mume wangu alikuwa amepanda juu kukaza bomba lililokuwa linavuja. Mnara ukalia, lakini si kile kilio cha siku zote. Ulitoa sauti nzito ya chini, kama mtu anayebeba gunia na hataki watu wajue amechoka. Kwanini akatoka ndani mbio.

"Baba, shuka! Mama, toka hapo!"

"Nimalizie kola hii."

"Toka!"

Tangu nimzae hajawahi kunipigia kelele. Niliinuka kwa hasira, nikamwendea nimfunze adabu. Hatua nne. Hatua hizo nne ndizo zinazofanya niandike haya leo.

Hakuna chuma kilichovunjika. Watu wanadhani mnara huvunjika. Ule ulilala. Miguu yote minne ililegea pamoja upande mmoja, polepole, mraba ukawa si mraba tena, na tangi likaja na mume wangu. Maji yalipita uani kama mto yakabeba sare za watu. Cherehani yangu ilikuwa bapa. Mume wangu alikuwa hai, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa kati ya tangi na ukuta. Hospitali waliukata chini ya goti.

Alipokuwa bado amelazwa, nilikaa chumbani nikatoa zile patani. Nikachomoa pini moja moja. Nikaweka mkono wa gauni hapa, kola pale, mfuko katikati, upande wa mistari ukiwa juu. Palikuwa na matundu mahali pa vile vipande nilivyochoma, lakini miguu minne ilionekana. Na kutoka kona hadi kona palikuwa na mistari mirefu ya wino mwekundu, na pembeni mwandiko wa mwanangu: *hiki kisikose.*

Kwanini aliingia akanikuta. Hakusema nilikwambia. Aliokota kipande cha kitambaa sakafuni, cha mraba, akanipa ncha.

"Vuta huku, mama, sawa na uzi."

Nikavuta. Hakikuvutika.

"Sasa vuta kona kwa kona."

Kikavutika, kikalala upande, kikawa kama kile nilichokiona Jumatano. Miaka yote najua kwamba kitambaa kikivutwa mshazari kinalegea, na kwamba ukitaka bega la koti lisilegee unashonea utepe juu ya ule mshazari kulishika. Nimewafundisha wanagenzi watatu jambo hilo.

"Ulikuwa unalijua kabla yangu," akasema. "Mimi nililikuta kwenye vitabu."

Hapo ndipo nilipolia. Kule hospitali sikulia.

Nilirudi maktaba bila mkasi. Yule mkutubi alinijua, akanyanyuka akanivutia kiti. Nilikosa pa kuweka uso. Nikaweka kadi mbele yake, nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Nilitaka kukueleza utaratibu siku ile," akasema. "Msomaji wa nje haruhusiwi kuingia kwenye rafu. Anaandika anachotafuta, mimi ninamletea, na anasoma kwenye meza hii mbele yangu. Kitabu kikiwa kigumu ninakaa naye. Ndiyo kazi yangu, mama, kukaa na watu."

Basi, kumbe huo ndio uchumba wenyewe. Meza ya utaratibu.

Akafungua droo, akanitolea vikaratasi vilivyobanwa pamoja, vile vya kuombea vitabu. Kila kimoja kina tarehe, na chini yake mwandiko wa Kwanini. Nilivisoma kimoja kimoja, nikifuata kwa kidole. Siku ya kwanza: *kwa nini chuma kinalia.* Ya tatu: *uzito wa maji.* Ya tano: *fizikia ya mwanzo kabisa, kwa mtu asiye na mwalimu.* Kisha nguvu, kisha upepo juu ya majengo, kisha kazi za mwisho za wanafunzi wa uhandisi waliowahi kupima minara ya maji. Mkutubi akaniambia vile vitabu vya kwanza vilimshinda, akaomba vyembamba zaidi, akarudi nyuma hadi mahali alipoachwa na yule mwalimu aliyehama, ndipo akaanza kupanda tena.

Kikaratasi cha mwisho kilikuwa cha siku ile niliyoingia. Kilisema: *namna ya kuchora ili fundi akubali.*

Sasa mume wangu anafanya kazi amekaa kwenye stuli, gongo limeegemea ukuta. Kwanini amerudi maktaba na kadi yake, na amejiandikisha kurudia mtihani wa fizikia. Kabla ya hapo alimalizia mchoro, kwenye karatasi mpya. Baba yake aliupima wote kwa tepu, mstari kwa mstari, muda wa chakula ukapita.

"Hapa umeniachia milimita tatu. Za nini?"

"Za kuchomelea, baba."

"Ehe." Akaupima tena. "Ehe, mhandisi."

Mnara mpya umesimama, mfupi kuliko wa kwanza, una vyuma vya mshazari pande zote nne. Upepo ukivuma haulii. Hakuna anayekaa chini yake. Kwanini hajanilaumu hata siku moja, na mume wangu nilipomweleza habari ya kopo la vifungo aliniomba maji ya kunywa. Ningependa mmoja wao anifokee. Hawanifokei.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kumfuata mtoto kabla hujamuuliza.

Kumwamini mtu anayeanza kwa kusema yeye si mtu wa maneno.

Kuingia mahali pa vitabu na hukumu yako tayari.

Kuficha kadi ya maktaba.

Kukata karatasi kabla hujaigeuza na kusoma upande wa pili.

Kusema "anakuficha" mbele ya baba yake, wakati anayeficha ni wewe.

Kuzoea kitu kinacholia.

Kupandisha tangi kubwa juu ya mnara wa tangi dogo.

Kukaa chini ya mnara usio na vyuma vya mshazari. Nenda kautazame wa kwenu leo, kabla hujaendelea na kazi.